Muhogo ukishang'olewa haujaacha kazi

Anayeingia kwenye kemia ya mimea huogopa mashine. Mashine zinafundishika, wiki mbili na mtu mwenye subira zinatosha kujua spektrofotomita, mashine inayopima rangi ya myeyusho kwa mwanga, inawashwa wapi na inadanganya vipi. Kinachokula miaka ni kukubali kwamba jani au mzizi ulio mkononi bado unaendelea na shughuli zake, na kwamba kila unachoufanyia, kuanzia kuukata na kuusafirisha hadi kuugandisha na kuukausha, ni jaribio ambalo hukulipanga. Haya yanayofuata yametokana na kupima sumu ya muhogo. Ni kazi inayomtaka mtu awe bwana mimea asubuhi na mkemia jioni, na humwumbua haraka anayejua upande mmoja tu.

Muhogo, Manihot esculenta, haukai na gesi ya sumu tumboni. Unakaa na vitu viwili vilivyotengwa. Ndani ya vakuoli, ule mfuko wa maji ulio ndani ya seli, kuna linamarini: glukosi iliyoshikana na kipande chenye sianidi. Pamoja nayo kuna ndugu yake lotaustralini, karibu asilimia 5 ya jumla. Nje, kwenye ukuta wa seli na kwenye utomvu mweupe, kuna kimeng'enya kiitwacho linamarasi. Majina yanakaribiana kiasi cha kuudhi, na wanafunzi huyabadilisha kwenye daftari bila kujua. Afadhali kimoja kiandikwe kwa kirefu na kingine kiitwe "kimeng'enya" tu, kama nitakavyofanya hapa. Mzizi ukiwa mzima, wawili hawa hawakutani. Ukikatwa, ukigugunwa na panya au ukikunwa, kuta hubomoka, kimeng'enya huing'oa glukosi, na kinachobaki ni asetoni sianohidrini. Hiyo nayo huvunjika ikatoa hidrojeni sianidi, ambayo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi. Mchana wa Tanga au Kilifi inajiondokea yenyewe, mradi ipate pa kutokea.

Kwa hiyo swali la kazi nzima ni moja: wawili hawa wakutane lini? Maabara inataka wasikutane mpaka kichupa kiwe kimefungwa. Jikoni inataka wakutane upesi, wote, na mlango uwe wazi. Makosa mengi ya fani hii hutokea pale mtu wa maabara anapofanya mambo ya jikoni bila kujua, au mpishi anapofanya ya maabara.

Kabla ya kemia kuna jina. Namba nzuri juu ya mmea usiojulikana haina kazi. Mkulima akisema "huu ni Kiroba", usiandike Kiroba ukaridhika. Jina hubaki kijijini, kijiti cha mbegu kinahama. Kijiji cha pili mti huohuo una jina jingine, na jina lilelile limepewa mti mwingine. Mfano ulio wazi ni aina iitwayo Kaleso upande wa Kenya na Namikonga upande wa Tanzania: vipimo vya vinasaba vilionyesha ni kitu kimoja, chenye asili katika uzalishaji wa Amani, Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti pale mwaka 1902. Baadaye, chini ya Waingereza, watafiti Storey na Nichols walichanganya muhogo na jamaa zake wa porini kutafuta ukinzani wa magonjwa mawili, batobato na michirizi ya kahawia; huu wa pili Storey mwenyewe aliueleza mwaka 1936. Mmoja wa jamaa hao ni Manihot glaziovii, mti ulioletwa kwa ajili ya utomvu wa mpira. Watu wa Pwani hawana haja ya kuelezwa, wanakula kisamvu chake hadi leo na wanakiita kisamvu cha mpira. Lakini mtafiti mgeni akiletewa fungu la majani sokoni akaambiwa ni kisamvu, atapima miti miwili na kuiandika kama mmoja. Kuitofautisha si kazi kubwa: mpira ni mti wenye shina nene, kikonyo chake hushika jani kidogo ndani ya ukingo, na tunda lake halina vibawa, tunda la muhogo lina vibawa sita vyembamba. Chotara wao ndio wanaosumbua.

Ndiyo maana kila mmea unaopimwa uachiwe kielelezo kilichobanwa. Tawi lenye majani, maua na tunda, urefu usiozidi sentimita 40 ili litoshe kwenye karatasi. Muhogo hutoa utomvu, kwa hiyo ncha iliyokatwa ifutwe na iachwe dakika chache, la sivyo gazeti litagandana na jani. Jani moja ligeuzwe ili mgongo wake uonekane. Magazeti yabadilishwe kila siku kwa siku tatu za kwanza. Hapa uvivu hulipwa kwa ukungu, na majani ya muhogo yakichelewa kukauka hukatika yote kwenye vikonyo, ukabaki na fimbo. Lebo iandikwe kwa penseli shambani palepale: tarehe, mahali kwa GPS, mwinuko, urefu wa mmea, rangi ya kikonyo na ya ua, rangi ya ganda la nje na la ndani la mzizi, jina la kienyeji pamoja na lugha yake, na namba ya mkusanyaji. Rangi hufa kwenye presi, kwa hiyo isipoandikwa siku hiyo imepotea. Nakala tatu zinafaa: moja hebaria ya nchi, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, moja East African Herbarium ya Nairobi, moja ya kwenu. Jani dogo kama stempu liwekwe kwenye jeli ya silika, angalau gramu 10 za silika kwa gramu 1 ya jani, kwa ajili ya vinasaba. Utambuzi wenyewe hufanywa kwa Flora of Tropical East Africa, kazi iliyoanza kutoka mwaka 1952 ikakamilika 2012. Miaka 60 ya watu kubishana juu ya vikonyo, na inafaa kila dakika yake.

Sasa sampuli. Mzizi mmoja wa muhogo hauna namba moja. Ganda lina sianidi tofauti na nyama, na kwenye aina tamu ganda ndilo lenye nyingi zaidi. Upande wa shingo hautoi namba sawa na mkiani, na mizizi miwili ya shina moja inaweza kupishana mara kadhaa. Ukichukua kipande kimoja pale kisu kilipoangukia, umepima bahati. Utaratibu unaostahimili ni huu: mashina 10 kwa kila aina, mizizi mitatu kwa kila shina (mkubwa, wa kati, mdogo), katikati ya urefu wa mzizi ukate kisahani cha unene wa milimita 1.5, uondoe ganda, kisha ukate kabari inayotoka kiini hadi ukingoni, kama kipande cha keki. Kabari ndiyo inayopimwa, kwa sababu imebeba sehemu zote za duara kwa uwiano wake. Andika umri wa shamba kwa miezi na hali ya mvua ya wiki zilizopita. Ukame hupandisha sianidi, na aina "tamu" iliyopimwa masika inaweza kuja na sura nyingine kiangazi kirefu kikikaa.

Majani yanataka nidhamu yake. Jani changa la kileleni lina sianidi nyingi kuliko lililokomaa, kwa hiyo "jani la muhogo" si maelezo. Hesabu kutoka kileleni, chukua la kwanza lililokunjuka kikamilifu, na ulichukue saa ileile kila siku.

Mzizi usafiri mzima, na kipande cha shingo cha sentimita 5 kikiwa bado kimeshika, ukiwa umewekwa juu ya majani makavu usigongwe. Kila mchubuko ni mkutano wa linamarini na kimeng'enya. Tena muda wenyewe ni mfupi: muhogo huanza kuharibika ndani ya siku moja hadi tatu, na mishipa ya buluu iliyokolea kwenye nyama ni dalili kwamba unachokipima si kile kilichokuwa shambani. Kufika jioni na kupima usiku ni bora kuliko kulala na kupima kesho.

Hapa ndipo friza inapowaponza wengi. Mtu ana sampuli 60, amechoka, anazitia kwenye friza ya kawaida ya nyuzi 20 chini ya sifuri, anaondoka. Kugandisha taratibu hutengeneza fuwele za barafu, fuwele hutoboa vakuoli, na maadamu kila kitu kimeganda hakuna kinachotokea. Umeme ukikatika saa sita usiku, barafu inayeyuka, kuta zimeshabomoka, wawili wanakutana ndani ya mfuko wa nailoni, na asubuhi umeme umerudi na sampuli zimeganda tena zikiwa nzuri machoni. Zitakazopimwa zitakuwa na namba ya chini, na hakuna atakayejua kwa nini. Kinga ya bei nafuu ni kikombe cha maji yaliyoganda chenye sarafu juu yake: sarafu ikikutwa chini ya kikombe, friza iliyeyuka, tupa sampuli. Wenye naitrojeni ya kimiminika wagandishe nayo, nyuzi 196 chini ya sifuri, wasage sampuli ikiwa bado imeganda, na unga uende moja kwa moja kwenye kiyeyushi bila kuyeyuka mezani.

Wasio nayo wana njia ya asidi, na kwa maoni yangu ndiyo inayofaa zaidi maabara zetu. Vipande vinasagwa kwenye blenda ndani ya asidi ya fosforiki ya 0.1 M iliyopoozwa, ujazo mara tano ya uzito, na mfuniko umefungwa. Asidi hukinyamazisha kimeng'enya, na pia huishikilia asetoni sianohidrini isivunjike, kwa kuwa huvunjika kwa urahisi pH ikipita 5. Kioevu kichujwe, kiwekwe kwenye friji, na kinakaa. Kosa la kawaida huja mwishoni: mtu anaongeza kimeng'enya kwenye kioevu hichohicho kabla ya kurudisha pH kwenye 6, kimeng'enya kinakufa, kipimo kinasoma karibu na sifuri, na muhogo mchungu unatangazwa kuwa mtamu.

Kukausha kwenye oveni ni jikoni, si maabara. Watu hushangaa kwamba vipande vilivyokaushwa kwa nyuzi 45 au 50 hupoteza sianidi nyingi kuliko vilivyokaushwa kwa 70 au 80. Kimeng'enya hufanya kazi vizuri kwenye joto la wastani na hufa kwenye kali. Joto dogo na maji yanayotoka polepole humpa muda wa kumaliza kazi. Kwa hiyo sampuli ya kemia haikaushwi kwa oveni, basi.

Kipimo chenyewe. Kwa miaka mingi njia ya uhakika ilikuwa kuongeza kimeng'enya, kisha kloramini T na kitendanishi cha rangi, na kusoma kwenye nanomita 600. Ni nzuri na inataka maabara kamili. Iliyofika vijijini ni ya karatasi za pikrati, iliyotengenezwa na Howard Bradbury na wenzake wa Australian National University, Canberra. Karatasi nene ya chujio huchovywa kwenye asidi ya pikriki ya asilimia 1.4 iliyoyeyushwa katika sodiamu kaboneti ya asilimia 2.5, hukaushwa kwa hewa, hukatwa sentimita 3 kwa 1 na kugundishwa kwenye ukanda wa plastiki wa sentimita 5 kwa 1. Ndani ya kichupa cha plastiki cha sakafu bapa huwekwa kidisi cha karatasi chenye bafa (chumvi inayoshikilia pH isibadilike) na kimeng'enya, miligramu 100 za sampuli, na nusu mililita ya maji safi. Ukanda unaingizwa bila kugusa maji, kifuniko cha skrubu kinafungwa upesi, na kichupa kinakaa kati ya saa 16 na 24 kwenye nyuzi 30. Gesi inayotoka huibadilisha karatasi kutoka njano kwenda kahawia. Unaweza kuilinganisha na chati ya rangi yenye hatua kuanzia 0 hadi 800 ppm, yaani miligramu kwa kilo. Ukiwa na spektrofotomita, bandua karatasi, iloweke kwenye mililita 5 za maji kwa dakika 30, soma kwenye nanomita 510 dhidi ya karatasi tupu, na uzidishe usomaji kwa 396. Usomaji wa 0.25 ni 99 ppm. Kama mizani ilisema miligramu 92 badala ya 100, zidisha tena kwa 100 gawanya kwa 92.

Inaonekana rahisi, nayo ina mitego yake. Kifuniko kilicholegea ndicho cha kwanza. Katika vichupa 20 kuna kimoja au viwili vinavyovuja, na vikitumika tena uzi wa skrubu huchakaa. Ndiyo maana kila sampuli iwe na vichupa vitatu, na ikiwa kimoja kimeachana na wenzake kwa mbali, tazama kifuniko kabla ya kutazama muhogo. Cha pili ni karatasi kuloa: tone likipanda kwenye ukanda, rangi husambaa mabaka na usomaji hauna maana. Cha tatu ni baridi. Nyanda za juu usiku hushuka chini ya nyuzi 15, mwitikio hausogei, na mtu anasoma asubuhi kana kwamba yuko Dar es Salaam. Kasha la kuwekea vyakula lenye chupa ya maji ya moto huokoa usiku mzima. Cha nne ni bafa: mizizi na unga hutaka pH 6, majani hutaka 8.

Cha tano ndicho kinachotia aibu kuliko vyote. Muhogo uliochemshwa, ugali, chochote kilichopita kwenye moto, kimeng'enya chake kimekufa lakini linamarini bado imo, kwa kuwa yenyewe haijali maji ya moto. Ukipima bila kuongeza kimeng'enya, karatasi inabaki njano na unaandika sifuri. Mwilini sivyo, bakteria wa utumbo wanaweza kuivunja. Kwa hiyo kila kundi la vichupa liwe na kimoja tupu kisicho na sampuli, na kingine chenye karatasi ya linamarini ya kiwango kinachojulikana. Tupu ikigeuka kahawia, mna uchafu. Ya linamarini ikibaki njano, kimeng'enya chenu kimekufa, na siku nzima ya kazi irudiwe. Anayetaka kuokoa fedha kwa kutumia kimeng'enya cha lozi kinachouzwa kwa kazi nyingine asijisumbue, hicho hakiiwezi linamarini. Utomvu wa muhogo wenyewe una kimeng'enya tele.

Neno juu ya asidi ya pikriki: ikiwa na unyevu ni kemikali ya kawaida, ikikauka ni baruti. Chupa isiwe na kifuniko cha chuma, isiachwe rafuni miaka bila kuongezwa maji, na ikikutwa imekauka na ukoko shingoni isifunguliwe wala kusogezwa. Iitwe timu inayojua. Na wanaotumia chumvi za sianidi kwa viwango, myeyusho wake hukaa kwenye alkali, na asidi haiji meza hiyo.

Namba ikishapatikana, huanza balaa la vizio. Uzito mbichi au mkavu? Sianidi au linamarini? Molekuli ya linamarini ina uzito wa 247 na ya hidrojeni sianidi 27, kwa hiyo miligramu 1 ya sianidi ni sawa na miligramu 9 hivi za linamarini. Jedwali lisilosema limepima kipi linaweza kukosea mara tisa, na majedwali ya namna hiyo yapo mengi. Kuhusu maji, fanya hesabu hii mara moja na haitakutoka kichwani. Kilo moja ya nyama ya muhogo mbichi yenye miligramu 100 za sianidi ina maji kama asilimia 62. Ikikauka inatoa gramu 380 za kitu kikavu, na unga wenye unyevu wa asilimia 12 ni gramu 430. Kuanika juani makopa ya vipande vikubwa huacha takriban robo hadi theluthi ya sianidi. Tuseme zimebaki miligramu 30. Zigawe kwa kilo 0.43: unga una karibu 70 kwa kilo. Kiwango cha Codex, kanuni za kimataifa za vyakula, kwa unga wa muhogo ni 10. Mtu ameanika wiki nzima, amepoteza asilimia 70 ya sumu, na bado unga wake umezidi mara saba, kwa sababu maji yameondoka pamoja na sumu hiyo.

Hapa namba ya maabara inageuka kuwa miguu ya watoto. Konzo ni kupooza kwa miguu kunakoanza ghafla, hakuponi, na huwapata zaidi watoto na wanawake walio kwenye umri wa kuzaa. Jina ni la Kiyaka, wa kusini magharibi mwa Kongo, likimaanisha miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliuandika mwaka 1938. Nampula, Msumbiji, mwaka 1981 watu zaidi ya 1,000 walipatwa. Tarime ilikuwa 1985. Kila mara simulizi inafanana: ukame, muhogo mchungu pekee shambani, usindikaji uliofupishwa kwa njaa, na sahani isiyo na maharage wala samaki. Hiyo ya mwisho ni biokemia pia: mwili huigeuza sianidi kuwa thiosianati na kuitoa kwenye mkojo, lakini kazi hiyo hutaka salfa, na salfa hutoka kwenye protini. Sumu ya papo kwa papo ni jambo jingine, na ipo: Kasese, Uganda, Septemba 2017, watu 98 waliugua na wawili wakafa baada ya kula ugali wa unga wa muhogo.

Mtaalamu akienda kijijini kufundisha, afike akijua kwamba anaowafundisha wanafanya kemia hiyohiyo bila majina yake. Kuloweka siku tatu mpaka mzizi ulainike ni kuvunja kuta kwa bakteria, na uchachu wake hushusha pH. Kuvundika kwa ukungu kabla ya kuanika huacha kama nusu ya kile kinachoachwa na kuanika kutupu. Kukuna na kukamua ndiko kunakoshinda vyote, kwa sababu seli karibu zote zinabomolewa mara moja. Kutwanga kisamvu kinuni ni vivyo hivyo. Jani lina kimeng'enya kingi, na likitwangwa vizuri kabla ya kugusa moto, kisha likachemka bila mfuniko, kinachobaki ni kidogo sana. Kisamvu kilichokatwa kwa kisu na kutupwa kwenye maji yanayochemka ni hadithi nyingine. Ndivyo ilivyo kwa muhogo wa kuchemsha: vipande vya gramu 2 hupoteza kama robo tatu ya sianidi, vya gramu 50 hupoteza kama robo tu, kwa kuwa moto humuua kimeng'enya kabla hajafika katikati. Muhogo wa kuchemsha uwe wa aina tamu. Ukubwa wa sufuria hauugeuzi mchungu.

Hatari huja mtu anapofupisha hatua moja. Bandundu, Kongo, soko la mjini lilipohitaji unga haraka, kuloweka kwa siku tatu kulipunguzwa kukawa usiku mmoja, na konzo ikafuata. Mzizi ulioloweka usiku mmoja bado ni mgumu, yaani kuta zimesimama. Kipimo cha kidole kinatosha: kikizama bila nguvu, umeiva, kikigoma, urudi majini.

Kwa unga uliokwisha kusagwa kuna njia moja ambayo, kwa urahisi wake, iliwachelewesha wataalamu kuiamini: kuulowesha. Ndani ya unga wa makopa linamarini na kimeng'enya vyote vimo, vimekaushwa vikiwa havijamalizana. Kinachokosekana ni maji. Mimina unga kwenye bakuli, usawazishe, weka alama ubavuni mahali ulipofika. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Unga kwanza utashuka, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Kwa mizani ni kama mililita 625 kwa gramu 500. Tandaza juu ya mkeka au turubai kwa unene usiozidi sentimita 1, kwa muda wa saa 2 juani au saa 5 kivulini. Sianidi hushuka mara tatu hadi sita. Tabaka likiwa nene, gesi haitoki. Maji yakipungua, mabonge makavu hubaki na sumu yake. Unga ukilala, unachacha, kwa hiyo usongwe ugali siku hiyohiyo. Njia hii ndiyo iliyotumika Kay Kalenge, wilaya ya Popokabaka, Kongo, dhidi ya konzo.

Unapopeleka vipimo, chukua unga wa nyumba moja, pima kabla ya kulowesha na baada, na upeleke karatasi zote mbili zikiwa bado kwenye vichupa vyake, ya kahawia na ya njano. Na alama ya bakuli isichorwe kwa kalamu. Maji huifuta siku ya pili, na ya tatu mpishi anakisia. Ikwaruzwe kwa msumari.